Majitaka ya Nyumbani na Vifaranga wa Samaki: Maswali na Majibu

Maji ya kufulia na kuoshea vyombo yana nini cha kumdhuru samaki?

Sabuni kwanza. Viambato vinavyong'oa mafuta kwenye sahani ndivyo vinavyomvua samaki ule ute unaomfunika mwili. Ute huo ni kinga yake dhidi ya bakteria na vimelea. Ukishatoka, matamvua huathirika, na samaki huhangaika kupumua hata pale ambapo maji yana oksijeni ya kutosha. Hapo bado hujaongeza mafuta ya kupikia, klorini ya dawa ya madoa, na uchafu wa vyooni unaozalisha amonia.

Kwa nini vifaranga ndio wanaoumia zaidi?

Kifaranga aliyeanguliwa juzi hana matamvua yaliyokamilika. Hupumua zaidi kupitia ngozi, tena ngozi laini mno, kwa hiyo kilichomo majini humwingia kwa urahisi. Samaki mkubwa akihisi maji yamebadilika huhama. Kifaranga hana nguvu hizo.

Mafuta nayo yana madhara ambayo wengi hawayajui. Vifaranga wa aina nyingi hulazimika kupanda juu ya maji na kumeza hewa ili wajaze kwa mara ya kwanza kibofu kinachowasaidia kuelea. Utando wa mafuta, hata mwembamba, huwazuia. Kifaranga aliyekosa nafasi hiyo huogelea kwa taabu, uti wa mgongo wake unaweza kupinda, na mara nyingi huishia mdomoni mwa samaki mwingine.

Mto wetu maji yake ni maangavu na samaki wakubwa wapo. Bado kuna shida?

Inawezekana kabisa, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Amonia haina rangi, na sumu yake huzidi maji yanapokuwa na joto na pH (kipimo cha uasidi) kubwa, yaani yasipokuwa na uasidi. Fosfeti, kirutubisho kilichomo kwenye majitaka, nayo hustawisha mwani, ambao hutoa oksijeni mchana lakini usiku huitumia. Samaki wengi huhitaji oksijeni ya miligramu 5 au zaidi kwa lita. Karibu na alfajiri inaweza kushuka chini ya 2. Ukipima saa sita mchana utaambiwa mambo ni shwari. Vifaranga waliokufa huoza au kuliwa upesi, hakuna anayewaona. Samaki wakubwa unaowaona leo walizaliwa miaka iliyopita. Uliza wadogo wako wapi.

Je, dawa tunazomeza hufika mtoni?

Ndiyo, kupitia mkojo. Nchini Kanada, kuanzia mwaka 2001 hadi 2003, watafiti walitia katika ziwa dogo la majaribio huko Ontario homoni inayotumika kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, kiasi cha nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Madume walianza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ilikaribia kutoweka ziwani humo kwa kushindwa kuzaliana. Tafadhali, mtu asiache dawa yake kwa sababu hii. Kinachotakiwa ni majitaka kusafishwa kabla hayajaingia mtoni.

Samaki wa maji hayo wanalika?

Usile waliokutwa wakielea wamekufa. Waliovuliwa wakiwa hai wapikwe hadi waive ndani, maana maji yenye kinyesi hubeba vijidudu. Kumbuka kwamba moto huua vijidudu, ila kemikali nyingi hubaki.

Nyumbani nianzie wapi?

Usifulie mtoni. Maji ya sabuni yamwage kwenye udongo, mbali na mto na kisima, kwa sababu bakteria wa udongoni huvunjavunja sehemu kubwa ya sabuni. Hata sabuni iliyoandikwa kwamba inaoza huchukua muda kuoza, na kabla ya hapo inadhuru. Futa mafuta ya sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, na dawa zilizobaki usizitupe chooni. Ulizia duka la dawa kama wanazipokea. Shimo la choo likijaa, linyonywe kabla halijafurika, hasa mvua zinapokaribia, kwani aina nyingi za samaki hutaga mvua zinapoanza.