Rimoti ya televisheni, filta nyeusi na jua la saa saba

Ikifika saa saba mchana, wapiga picha wengi wa Dar hufunga mabegi yao. Jua la utosi, vivuli vizito machoni, anga limepauka. Mimi huo ndio muda wangu wa kutoka, kwa sababu picha za infraredi zinataka jua kali na majani mabichi, na vyote viwili huku tunavyo.

Infraredi ni mwanga unaoanzia pale wekundu unapoishia machoni petu, takribani nanomita 700. Sensa ya kamera, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani yake, inauona, ila watengenezaji huweka mbele yake kioo cha kuuzuia ili rangi za kawaida zisiharibike. Vioo hivyo havilingani ukali. Kuipima kamera yako, ielekezee rimoti ya televisheni, ambayo hutuma infraredi, chumbani gizani, bonyeza kitufe usiachie, kisha piga picha. Nukta ya mwanga ikitokea kwenye ncha ya rimoti, unaweza kuanza. Nikon D70 ya zamani inasifika kwa kupitisha infraredi nyingi, kwa hiyo usidharau kamera za mtumba.

Kinachofuata ni filta ya nanomita 720, mfano Hoya R72, inayofungwa mbele ya lenzi kuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Ni nyeusi tii. Panga picha na uweke fokasi kabla ya kuifunga, kisha zima fokasi ya otomatiki. Ndani ya lenzi, miale ya infraredi haikutani palepale inapokutana ile ya mwanga wa kawaida, hivyo fokasi husogea. Lenzi za zamani zina alama nyekundu ya kurekebishia, za sasa nyingi hazina, basi tumia tundu la lenzi la f/8 likusitiri. Usikimbilie f/16, tundu dogo zaidi, maana baadhi ya lenzi huacha doa jeupe katikati ya picha, na kulifuta ni kazi.

Kwa kuwa kile kioo cha mbele ya sensa bado kipo, mwanga unaofika ni kidogo mno. Anza na ISO 400 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na sekunde 30 za kuacha lenzi wazi, kamera ikiwa juu ya stendi imara. Kama ni DSLR, yaani kamera unayochungulia kupitia lenzi yenyewe, ziba kitundu cha kuchungulia kwa kitambaa, mwanga usipenye kwa nyuma.

Wengi hudhani picha hizi zinaonyesha joto. Hapana. Majani hung'aa meupe kwa sababu klorofili haimezi infraredi, na seli za ndani ya jani huitawanya na kuirudisha nje. Robert W. Wood alichapisha mandhari za namna hii mwaka 1910. Anga la buluu na maji ya bahari, kinyume chake, hugeuka meusi.

Minazi ya Coco Beach inavutia, lakini haitulii. Kwa sekunde 30 utapata ukungu tu. Nenda Bustani ya Mimea mjini au kwenye miti ya chuo kikuu, Mlimani, siku isiyo na upepo, hasa baada ya masika.

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi isiyochakatwa, na upime mizani ya weupe (kipimo cha kipi kihesabiwe cheupe) kwenye majani, la sivyo picha yote itakuwa nyekundu. Wapo wanaobadilishana kwenye kompyuta chaneli, yaani tabaka za rangi, nyekundu na ya buluu ili anga lirudi buluu. Mimi naona hiyo ni mapambo. Nyeusi na nyeupe inatosha.

Fundi anaweza kukiondoa kioo kabisa, ukapiga kwa kushika mkononi. Ila kamera hiyo haitakufaa tena kwa rangi za kawaida bila filta nyingine, kwa hiyo usimpelekee ile unayopigia harusi.