Yasemwayo kuhusu kuiongezea tochi mwanga na kuisafisha, na ukweli wake

Wengi wanaofungua tochi ya LED, yaani ile inayowaka kwa kipande kidogo cha kielektroniki badala ya glopu ya waya, ili waiongezee mwanga huamini kwamba kila betri inayoongezwa huzidisha mwanga kwa kadiri yake. LED nyeupe huhitaji takriban volti 3 tu, na volti zikipanda kidogo, mkondo wa umeme unaopita ndani yake hupanda maradufu, ndiyo maana tochi nzuri huwa na saketi ya kuudhibiti. Anayeiondoa saketi hiyo na kuunga betri moja kwa moja hufurahia mwanga mkali kwa muda mfupi, kisha mwanga hugeuka buluu, hufifia na LED huungua.

Husemwa pia kwamba LED haina joto. Mwali wake ni baridi ukilinganishwa na wa glopu ya waya, lakini sehemu kubwa ya umeme inaoutumia bado hugeuka joto, nalo hutokea nyuma yake. Kwa hiyo anayeweka LED yenye nguvu zaidi hana budi kuikalisha juu ya metali, akipaka grisi ya kupitisha joto katikati. Bodi ya plastiki haifai kwa kazi hiyo.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni kwamba betri za lithiamu zikilingana umbo zimelingana kwa yote. Betri ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikijaa hufikia volti 4.2. Zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri huhifadhi), ilhali hakuna betri ya ukubwa huo inayofikia hata nusu ya kiwango hicho. Katika tochi inayopanga betri mbili kwa mfuatano, ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu huisha mapema na mwenzake huendelea kuilazimisha kupitisha mkondo mpaka inageuka chanya kuwa hasi, inapata moto na kutoa gesi. Bomba la metali la tochi lililofungwa kwa pete za mpira halina mahali pa kupumulia, na gesi hiyo inaweza kulipasua mkononi mwa mtu. Nawasihi wasomaji watumie jozi moja iliyonunuliwa na kuchajiwa pamoja, na wasiiweke kabisa betri iliyochanika ganda lake la plastiki la nje, kwa sababu mwili wake wote ni upande wa hasi na umeachana na ncha ya chanya kwa upana mdogo mno, hivyo ni rahisi kupiga shoti.

Katika usafi, kosa linaloharibu tochi nyingi ni kufuta kwa kitambaa kile kikombe kinachong'aa nyuma ya kioo. Mng'ao wake ni utando mwembamba sana wa alumini, na hata kitambaa laini huukwaruza bila tiba. Vumbi lipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira, basi.

Unga mweupe unaovuja kwenye betri za alikali huitwa asidi, ingawa kwa hakika asili yake ni besi kali, kinyume cha asidi, iwezayo kuunguza ngozi na macho. Vaa glavu, uguse kwa pamba iliyolowa siki au maji ya ndimu kidogo, kisha ufute kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Petroli haifai: hushika moto na huharibu plastiki. Msasa nao huondoa utando unaozuia kutu kwenye springi.

Mafuta ya mgando hudhaniwa kufaa kwa kila pete ya mpira, lakini baadhi ya aina za mpira huvimba na kulegea zikipakwa mafuta hayo yatokanayo na mafuta ghafi, hivyo ni salama zaidi kutumia grisi ya silikoni, isipokuwa pete yenyewe ikiwa ya silikoni. Alama ya IPX7, inayomaanisha kustahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, ilipimwa kabla hujaifungua tochi. Kabla ya kuifunga tena, toa betri, weka kipande cha karatasi ya shashi ndani, kisha uifunge na uizamishe katika beseni la maji. Karatasi ikitoka na unyevu, badilisha pete kabla ya kurudisha betri.