Amplifaya Yenye Ukuzaji Mdogo Si Amplifaya Dhaifu: Dhana Potofu na Ukweli

Katika maduka ya vyombo vya muziki ya Kampala, na vivyo hivyo Mbale au Arua, mnunuzi huwasha amplifaya, akazungusha kitufe cha sauti hadi robo, kisha akatoa hukumu: ikinguruma mapema ina nguvu, ikichelewa ni dhaifu. Hukumu hiyo ndiyo mzizi wa karibu makosa yote yanayofanywa na wapenzi wa muziki wanapopata amplifaya ya nguvu yenye ukuzaji mdogo, na inasikitisha kuona chombo kizuri kikirudishwa dukani kwa sababu ya kosa la hesabu.

Ukuzaji ni uwiano kati ya volti zinazotoka na volti zinazoingia, ilhali nguvu ni wati ambazo amplifaya inaweza kuipa spika kabla mawimbi hayajaanza kukatwa vichwa, yaani kabla sauti haijaanza kukwaruza. Haya ni mambo mawili tofauti. Amplifaya nyingi za nyumbani hukuza kwa desibeli 26 hadi 29, yaani mara 20 hadi 28. Moduli ya amplifaya ya Purifi 1ET400A, ikitumiwa bila hatua nyingine ya kukuza mbele yake, ina desibeli 12.8 tu, takriban mara 4.4, na hata hivyo hutoa zaidi ya wati 200 kwenye spika ya omu 8 ikiwa imepewa umeme wa kutosha. First Watt F4, iliyobuniwa na Nelson Pass, haikuzi volti hata kidogo. Kazi yake ni kuongeza mkondo, nayo huendesha spika. Ukizipima amplifaya mbili kwa kuzungusha kitufe mahali pamoja, unachopima ni ukuzaji, na ile inayosikika mapema inaweza kuwa ndiyo itakayofika kikomo mapema. Idadi ya wati inayotanguliwa na herufi PMPO kwenye boksi nayo haisaidii, kwa kuwa kipimo hicho hakina kanuni moja inayofuatwa na watengenezaji wote.

Dhana ya pili inasema kwamba amplifaya ya namna hii haifai bila priampu (kifaa kinachokuza mawimbi kabla hayajafika kwenye amplifaya ya nguvu) yenye ukuzaji mkubwa sana, na hapa yafaa tuhesabu badala ya kubishana. Wati 100 kwenye omu 8 huhitaji volti 28.3. Amplifaya inayokuza mara 20 itazifikia ikipewa volti 1.41, ile ya mara 4.4 itahitaji takriban volti 6.5. Kicheza CD cha kawaida hutoa hadi volti 2, kwa hiyo priampu inatakiwa kuzidisha mara 3.25 tu, sawa na desibeli 10 hivi. Simu inayotoa volti 1 itahitaji desibeli 16, na ile ya nusu volti itahitaji 22. Kwa upande mwingine, volti 2 zikiingia moja kwa moja bila priampu yoyote, spika itapata kilele cha wati 9.5 hivi; kwa spika yenye uwezo wa kutoa sauti ya desibeli 87 kwa wati moja katika umbali wa mita moja, hicho ni kilele cha sauti cha takriban desibeli 97. Kwa sebule ya kawaida huko Ntinda, jirani atasikia. Hata hivyo, rekodi za zamani za kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda, zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti mara nyingi ziko chini kuliko muziki wa leo, kwa hiyo akiba ya desibeli 6 au 10 juu ya hesabu ni ya busara. Zaidi ya hapo ni hasara: utalazimika kusikiliza kitufe kikiwa mwanzoni kabisa, mahali ambapo vidhibiti vingi vya bei nafuu havilinganishi vizuri spika ya kushoto na ya kulia.

Dhana inayowapotosha hata mafundi ni kwamba priampu ikiwa na desibeli za kutosha, kazi imekwisha. La hasha. Priampu lazima iweze pia kutoa zile volti 6.5 bila kukata mawimbi, na uwezo huo hutegemea umeme unaoilisha. Saketi inayolishwa volti 15 chanya na 15 hasi inaweza kufikia volti 9 hivi, na hapo hakuna shida. Lakini nyumba nyingi zinazotumia sola huendesha priampu kwa betri ya volti 12 peke yake, na hiyo haitavuka volti 4 kwa urahisi hata ungeipa ukuzaji wa desibeli 30. Ikiunganishwa na amplifaya ya mara 4.4, mawimbi yataanza kukatwa yakifika wati 30 na kitu, na msikilizaji atailaumu amplifaya isiyo na hatia, huku spika ndogo za sauti nyembamba zikiwa ndizo zilizo hatarini. Priampu yenye muunganisho wa XLR, unaopeleka mawimbi mawili yanayopingana, huongeza kiwango hicho maradufu kwa umeme uleule.

Wengine huamini kwamba kuhamishia ukuzaji kwenye priampu huleta mvumo. Ukweli ni kwamba kelele inayoingia kwenye waya kati ya priampu na amplifaya hukuzwa na amplifaya peke yake, kwa hiyo mara 4.4 huipandisha kidogo sana kuliko mara 20. Kelele ya mwanzo wa priampu yenyewe haipungui ikiwa ukuzaji wa jumla ni uleule; hiyo hutegemea ubora wake.

Tena, umeme wa gridi ukishuka jioni kutoka volti 240 hadi 200, ukuzaji haubadiliki, kwa sababu huwekwa na uwiano wa vipinga ndani ya saketi. Kinachoshuka, katika amplifaya yenye transfoma ya kawaida, ni kikomo cha wati, hadi takriban asilimia 70. Kwa hiyo kuongeza ukuzaji wakati huo ni kuharakisha kukatwa kwa mawimbi.

Kabla ya kununua priampu, pima chanzo chako cha muziki, kiwe kicheza CD au simu. Cheza mlio wa hezi 60 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, spika zikiwa zimechomolewa, kisha soma volti za AC kwenye waya unaotoka kwenye chanzo hicho kwa kutumia mita ya kawaida ya fundi. Gawa volti ambazo amplifaya yako inahitaji kwa namba utakayoisoma, na jibu ndilo ukuzaji wa kuuliza dukani, pamoja na swali la pili: priampu hii hutoa volti ngapi kabla ya kuanza kukata?