Unanyanyua Vyuma Ili Upunguze Mafuta? Usijinyime Chakula

Wengi wanaotujia wakilalamika kwamba mwili umegoma wameanza mambo mawili kwa mpigo: kunyanyua vyuma, na kukata chakula karibu nusu. La kwanza jema. La pili ndilo linaloharibu kazi.

Mafuta hayapungui usipokula kalori chache kuliko unazotumia. Hapo hakuna ujanja. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa pengo. Kalori 300 hadi 500 kwa siku huwatosha watu wengi, na uzito ukishuka nusu kilo hivi kwa wiki, unakwenda vizuri. Ukizidisha, mwili hubana matumizi: unasikia baridi, unapunguza kutembea bila kujijua, na misuli nayo inaliwa pamoja na mafuta.

Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya hadi karibu kalori 1,600 kwa siku, kwa miezi 6, huku wakitembea sana kila wiki. Mapigo ya moyo yalishuka, nguvu zikawaishia, mawazo yao yakawa chakula tu. Na bado utamkuta mwanamume wa vyuma anajipangia chini ya hapo!

Kabla ya kupanda mizani, fungua daftari lako la mazoezi. Tuseme mwezi uliopita ulichuchumaa na kilo 60 mara 8. Wiki iliyopita mara 6, wiki hii mara 4, na usingizi unapata. Huo si uvivu, ni njaa. Ongeza kalori 150 hadi 200, hasa za wanga kabla ya mazoezi, kisha usubiri wiki 2. Mizani ikipanda kidogo siku za mwanzo, usishtuke: kila gramu ya glaikojeni (wanga ambao mwili huuweka akiba) inayorudi kwenye misuli huja na takriban gramu 3 za maji.

Protini iwe gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 70, gramu 112 hadi 154 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Kama nguvu zipo lakini uzito haushuki kwa wiki kadhaa, huenda hesabu inavuja. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120, nacho ndicho husahaulika.

Mwanamke ambaye hedhi imekatika miezi 3 mfululizo aache kupunguza chakula, aende hospitali hata kama hana maumivu yoyote.