Dopingi ya kiteknolojia ni nini?

Jumamosi moja nilikuwa soko la Memorial hapa Moshi na mpwa wangu wa kidato cha tatu, tunamtafutia raba za kukimbilia. Muuza mitumba akachomoa moja ya rangi ya machungwa, soli nene kama kipande cha mkate, akaishika kisigino na ncha na kujaribu kuikunja. Haikukunjika. "Umeona, kaka? Ina chuma ndani. Hii ukivaa inakusukuma yenyewe."

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, sasa hiyo si dopingi?"

Dopingi tunayoijua ni ya dawa za kuongeza nguvu, lakini swali lake lina jina. Watu wa michezo huiita dopingi ya kiteknolojia: kifaa, kiwe kiatu, vazi au mguu bandia, kinapompa mchezaji faida isiyotoka mwilini mwake wala kwenye mazoezi yake, na faida hiyo ikawa kubwa kiasi cha kuubadilisha mchezo. Ugomvi wote umelala kwenye hilo neno "kiasi". Kila kifaa kinasaidia. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa miguu peku, kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu akashinda tena kwa 2:12:11. Hakuna aliyesema viatu vimemwibia mtu ushindi.

Kuna jambo moja watu hulichanganya humu. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni huko Zolder, Ubelgiji, baiskeli ya mshindani mmoja ilikutwa na mota iliyofichwa ndani ya fremu. Akafungiwa miaka 6. Huo ni wizi wa wazi, kama kuchakachua mizani sokoni, na hauhitaji mjadala. Dopingi ya kiteknolojia ni ule utata unaobaki pale kifaa kinapouzwa dukani, hakuna aliyeficha kitu, na bado wenzako wanahisi wameonewa.

Tena usilitafute neno hili kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni. Vifaa huachiwa kila shirikisho la mchezo. Lakini kipimo ambacho WADA hutumia kwa dawa kinatufaa hapa. Dawa inaweza kuingizwa kwenye orodha ikitimiza mawili kati ya haya matatu: inaongeza uwezo, inahatarisha afya, inakwenda kinyume na roho ya mchezo. Ukiuweka kiatu mbele ya maswali hayo, la kwanza linajibiwa haraka. Mawili yanayofuata ndiyo yanayowakeshesha watu.

Sasa turudi kwenye kile "chuma" cha muuza mitumba. Si chuma, ni plati, yaani bamba gumu jembamba la kaboni, na sifa nyingi inazopewa si zake. Kazi kubwa inafanywa na sponji ya soli. Raba za aina hii zilipoingia sokoni mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapima wakimbiaji 18 wazuri wakiwa wamezivaa. Ile sponji ilirudisha kama asilimia 87 ya nguvu iliyokandamizwa nayo, wakati kiatu cha mashindano cha zamani walicholinganisha nacho kilirudisha kama 66. Kwa wastani wakimbiaji walitumia nishati pungufu kwa asilimia 4. Angalia: nishati, si muda. Muda hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na mtu asikuuzie kiatu kwa kukuambia utakata asilimia 4 ya saa zako. Baadaye kuna waliochukua msumeno wakaikata plati vipande ndani ya soli, wakapima tena. Tofauti ilikuwa ndogo mno.

Kilichonishtua mimi ni kingine. Utafiti wa mwaka 2023 uliwapima Wakenya 7 wa kiwango cha dunia wakiwa na viatu hivi, ukakuta wengine wanapata faida kubwa na wengine wanapata hasara. Kiatu kilekile. Kwa hiyo hata mkigawiwa wote raba sawa pale kwenye mstari wa kuanzia, hamjasawazishwa. Miguu inatofautiana jinsi inavyoelewana na sponji, na ukizaliwa na ule usioelewana nayo, hakuna kocha wa kukusaidia.

Mwaka 2019 mambo yalichemka. Oktoba 12 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 Vienna kwa saa 1:59:40, kwenye mbio za maonyesho zisizohesabiwa rekodi. Kesho yake Brigid Kosgei akavunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake Chicago kwa 2:14:04. Miguuni, wote wawili walikuwa na familia moja ya viatu. Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka mpaka: soli ya mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40, na plati iwe moja tu. Kiatu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, ambacho wengine hawawezi kukinunua, kikakataliwa.

Sheria hiyo ina meno. Septemba 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza marathoni ya Vienna, akashangiliwa, kisha akanyang'anywa ushindi kwa sababu soli yake ilikuwa na milimita 50. Ilizidi kwa sentimita moja tu, upana wa kidole. Mkenya Leonard Langat ndiye aliyepewa ushindi.

Ukiona hiyo ni ukali wa bure, kumbuka marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros waliingia pamoja, muda wao ukaandikwa sawa, 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Simbu alishinda kwa sekunde 0.03. Kwa kasi ya mtu anayemalizia mbio, hiyo ni chini ya urefu wa raba yenyewe. Mashindano yanayoamuliwa hivyo hayawezi kuachia viatu viende vinavyotaka.

Waogeleaji walipita njia hii kabla. Mavazi ya plastiki laini yaliyowasaidia watu kuelea majini yalizaa rekodi 43 za dunia kwenye mashindano ya Roma mwaka 2009, na kufika Januari 2010 yakapigwa marufuku. Ila rekodi zenyewe ziliachwa, jambo ambalo hadi leo naliona ni la nusunusu.

Usalama nao una mfano mzuri kuliko wa viatu. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mkuki mita 104.80. Hebu upeleke mtupo huo pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha: mkuki unaanzia upande mmoja na kutua karibu na wanaokimbia upande wa pili. Isitoshe, mikuki ya wakati ule ilipenda kutua bapa, waamuzi wakibishana kama imechoma chini au la. Kuanzia 1986 mkuki wa wanaume ukatengenezwa upya, sehemu unapolingana uzito ikasogezwa mbele sentimita 4, na pua yake sasa huinama mapema. Hohn hakumdanganya mtu. Rekodi yake ikawekwa kabatini, hesabu ikaanza upya. Hapa hakuna aliyelia kuhusu roho ya mchezo. Mtu akiweza kuchomwa, mjadala huwa mfupi.

Kwenye viatu hatari yake ni ya polepole. Mwaka 2023 madaktari waliandika kuhusu wakimbiaji 5 waliopata nyufa za mfupa wa katikati ya unyayo wakiwa wanatumia raba za plati. Watano ni wachache, si ushahidi wa kufunga duka. Lakini mtu anayeshuka mteremko wa Mweka kwenye Kilimanjaro Marathon, juu ya soli nene na laini inayoyumba kila akikanyaga kokoto, ataelewa kwa nini mimi hushuka na raba ya soli nyembamba.

Nitakalosema ni hili: ile sheria ya 2020 imepima unene, bei haikuigusa. Mwaka huohuo wa 2023 Adidas walitoa kiatu cha dola 500, zaidi ya shilingi milioni moja, kilichotangazwa kuwa cha mbio moja tu, na Tigst Assefa wa Ethiopia akakimbia nacho marathoni ya Berlin kwa 2:11:53, rekodi ya dunia ya wanawake wakati ule. Kiliuzwa, basi kikawa halali. Yupo anayesema raba si tofauti na kambi nzuri au daktari mzuri, vitu ambavyo matajiri wamekuwa navyo siku zote. Sawa. Ila kambi haivaliwi siku ya mashindano. Kwenye mbio za shule za mkoa bado utaona watoto wanakimbia peku, na yule mwenye mjomba Ulaya anajipanga mstari huohuo na plati miguuni. Hapo hakuna anayekuja na rula, na hata angekuja, rula haipimi bei.

Nilimweleza mpwa wangu kwa kifupi kuliko hivi. Nikampa ile raba, nikamwambia abonyeze sponji pembeni kwa kidole gumba. Ilikuwa na mikunjo kama uso wa bibi, na ilipobonyea haikurudi. Mwenyewe wa kwanza, huko ilikotoka, alishazimaliza zile asilimia 87.

"Sasa imebaki na nini?" akauliza.

"Imebaki na rangi."

Muuzaji akacheka, akashusha bei. Tukachukua nyingine, nyepesi, inayokunjika, kwa shilingi 25,000 baada ya kuanzia 40,000. Jioni tulipopita tena, ile ya machungwa ilikuwa imeshapata mtu.