Homoni ya stresi na kijana anayeanza kusikia sauti

Kortisoli ndo nini?
Ni homoni ya stresi. Inatoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, ila amri inatoka kwenye ubongo. Sio sumu jamani, ukiamka asubuhi inapanda haraka ndani ya nusu saa hivi, ndo inakupa nguvu ya kuanza siku, halafu inashuka taratibu mpaka usiku.

Kwa mtu anayeanza saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, inakuwaje?
Mwaka 2010 mtafiti Valeria Mondelli na wenzake wa chuo cha King's College London waliwapima mate watu waliougua kwa mara ya kwanza, pale pale wanapoamka, wakarudia ndani ya saa ile ile, tena mchana na usiku. Ule mpando wa asubuhi ulikuwa mdogo kuliko wa watu wasio na ugonjwa huo. Na wale ambao hawajafikisha wiki 2 wakitumia dawa za saikosisi, kortisoli yao ya mchana ilikuwa juu kuliko waliozitumia muda mrefu zaidi. Yaani mwili uko macho siku nzima kama unakimbizwa, ila asubuhi unapohitaji kusukumwa hausukumwi vizuri. Kwa hiyo kijana wako akikaa ukingoni mwa kitanda saa nne, kiatu kimoja mkononi, anatazama ukuta, naomba sana msimwite mvivu.

Stresi ndo imemletea?
Peke yake hapana. Kuna kurithi, kuna mateso ya utotoni, kuna bangi hasa ile kali, vinaungana na stresi. Wengi wana stresi nzito na hawaugui hivi.

Nimpeleke akapime kortisoli?
Kwa kawaida haina haja, hiyo pesa weka nauli ya kliniki, maana kipimo hicho hakiwezi kusema huyu ana saikosisi au hana. Daktari atamsikiliza yeye na nyie, atapima damu kuangalia magonjwa mengine kama malaria, kaswende, HIV, tezi ya shingo. Kama anatumia prednisolone (dawa inayofanya kazi kama kortisoli, hutolewa kwa pumu na mzio) mwambieni daktari mapema, dawa hiyo yenyewe inaweza kumvuruga mtu akili.

Nyumbani tufanyeje?
Punguzeni kelele na ugomvi, usiku alale, bangi aache, na msibishane naye kuhusu zile sauti, mwulize tu zinamtisha kiasi gani. Msingoje "itapita" miezi na miezi, matibabu yakichelewa kupona kunakuwa kugumu zaidi. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtu, hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake njiani.