Kufufua cherehani cha zamani cha kukanyaga kiwe cha kazi ya kila siku

Cherehani cheusi cha chuma kilichokaa stoo miaka mingi mara nyingi hakijafa, kimegandishwa tu. Mafuta ya kupikia au oili ya gari iliyotiwa na mtu aliyetaka kukilainisha imekauka ndani ya bushi (mapete yanayoshika vyuma vinavyosogea) ikawa kama gundi, vipande vya uzi vimejisokota nyuma ya shato (chuma chenye ncha kinachonyakua uzi chini ya sindano), na sindano imefungwa kinyume. Mwenye nacho huanza na rangi na vanishi ya meza, halafu cherehani kinarudi pembeni kiking'aa kwa sababu bado hakishoni. Ushauri wetu ni kuacha sura hadi mwisho na kuanza na vile vinavyozunguka.

Kabla ya kushika bisibisi, tambua ulicho nacho. Vyerehani vingi vya kukanyaga utakavyokutana navyo kwetu ni Singer daraja la 15 au nakala zake, kama Butterfly ya Shanghai na Usha ya India. Ukiona 15K kwenye Singer, hiyo K ni ya kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Alama ya uhakika ya daraja hili ni kesi ya bobini ya duara inayoingia kwa ubavu upande wa kushoto, imesimama wima chini ya sindano. Bobini yake ina kipenyo cha takriban milimita 20 na kimo cha takriban milimita 12, na pande zake ni bapa. Bobini yenye pande zilizobinuka kidogo ni ya Singer 66, na haifai hapa hata ikiingia.

Daraja la 15 ndilo tunalopendekeza kwa anayetaka cherehani cha kumpatia riziki, kwa sababu nakala zake ni nyingi na vipuri vinapatikana. Vile vya zamani zaidi, vyenye shato la umbo la mtumbwi na bobini ndefu nyembamba, hushona vizuri sana mshono wa kwenda mbele, lakini shato likipotea utalitafuta kwa muda mrefu. Kama unanunua, pitisha mkono chini ya kitako na shingoni kutafuta ufa. Chuma cha kumimina kikipasuka, kulehemu kwa umeme kwa kawaida huongeza nyufa pembeni. Kisha tikisa kwa vidole nguzo ya sindano, ule mhimili unaoibeba sindano juu na chini: ikicheza kushoto na kulia ndani ya bushi yake, imeliwa, na marekebisho yote yanayofuata yatakuwa ya kubahatisha.

Kukigandua

Ondoa mkanda, sindano, futi (mguu unaobana kitambaa) na kesi ya bobini. Fungua bamba la meno, lile lililo juu ya meno yanayosogeza kitambaa, kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, maana bisibisi nyembamba huharibu kichwa cha skrubu na baada ya hapo huna pa kushika. Brashi ya meno na koleo dogo zitatoa utandu, ule uchafu uliojibana kama jamvi kati ya meno.

Sasa zungusha gurudumu la mkono polepole na usikilize linakataa vipi. Likiwa zito mzunguko mzima, tatizo ni mafuta yaliyoganda. Likienda laini kisha likagonga mahali pale pale kila mara, kuna kitu kimenaswa, na mara nyingi ni uzi nyuma ya shato. Likizunguka bure na nguzo ya sindano isisogee, kifundo cha katikati ya gurudumu kimelegezwa, kile kinacholegezwa wakati wa kujaza bobini. Hali hizi tatu zina tiba tatu tofauti, na anayezitibu zote kwa nguvu za mkono huvunja kitu.

Kwa mafuta yaliyoganda, changanya mafuta ya taa na mafuta ya cherehani nusu kwa nusu. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na moto. Dondoshea kila tundu la mafuta, na kila mahali chuma kinapogusana na chuma kikasogea: bushi za nguzo ya sindano juu na chini, mkono wa kuvuta uzi, mhimili wa juu, halafu ukilaze cherehani na ufanye vivyo hivyo kwenye vyuma viwili virefu vya chini. Kiache usiku kucha. Asubuhi yumbisha gurudumu mbele na nyuma bila kulilazimisha, ongeza matone, rudia. Kikibaki kigumu, puliza mashine ya kukaushia nywele kwenye bushi kwa dakika chache, joto hilo linatosha kuyeyusha gundi. Usitumie moto wa gesi, kwa sababu utachoma rangi na unaweza kupasua chuma. Kikishalegea, zungusha hadi mafuta yanayotoka yawe safi, futa, kisha weka mafuta ya cherehani matupu. Mafuta ya taa yakiachwa peke yake hukausha vyuma na kualika kutu.

Gurudumu likiwa laini lakini linapiga kelele chini, tazama ncha za vile vyuma virefu. Kila ncha imeshikwa na skrubu yenye pua ya pembe na nati ya kuikazia. Legeza nati, kaza skrubu hadi mchezo uishe, rudisha kidogo sana mpaka chuma kisogee huru, kisha shika skrubu isizunguke wakati unakaza nati.

Tumia mafuta mepesi meupe ya madini yanayouzwa kwa ajili ya vyerehani. Mafuta ya kupikia hushika hewa yakawa utomvu. Mafuta ya nazi, ambayo bado wapo wanaoyatumia, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kilichokuwa laini Tanga kitakuwa kizito Njombe asubuhi ya Julai. Oili ya injini ni nzito na huchafua kitambaa. Grisi haina kazi kwenye kichwa cha daraja la 15 cha kukanyaga, maana hakina gia.

Mwili mweusi ufute kwa pamba yenye mafuta ya cherehani. Spiriti na tina huyeyusha vanishi ya zamani inayolinda maua ya dhahabu, na yakiondoka hayarudi. Kutu ya juu juu kwenye vyuma vilivyong'arishwa itoe kwa sufi laini ya chuma yenye mafuta. Ncha ya shato usiiguse kwa msasa wa kawaida. Ikiwa na mkwaruzo unaokata uzi, pitisha msasa wa maji namba 1000 au laini zaidi kwa upole, basi. Wa pwani wafute vyuma vyote vilivyo wazi kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, kwa sababu hewa ya chumvi haisubiri.

Sindano, shato na milimita mbili

Sindano ya daraja hili huuzwa kwa majina 130/705H, 15x1 au HAx1, na yote ni kitu kimoja. Shina lake lina upande mmoja bapa. Usikariri kushoto au kulia, kwa sababu vyerehani vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana. Kanuni ni kwamba upande bapa hutazama ncha ya shato, na mfereji mrefu hutazama upande ambao uzi unaingilia. Isukume juu hadi igote kisha ukaze. Sindano iliyofungwa kinyume au isiyofika juu ndiyo chanzo cha kwanza cha cherehani kuruka mishono, na mafundi wengi wameharibu mpangilio wa shato uliokuwa sahihi kwa kutokuiangalia. Kwa khanga na kitenge tumia namba 80 au 90, kwa jinzi 100.

Kama sindano ni mpya na imekaa sawa lakini mishono bado inarukwa, ndipo uangalie mpangilio. Shato linapaswa kunyakua kitanzi cha uzi wakati sindano imeanza tu kupanda. Zungusha gurudumu kuelekea kwako hadi sindano ifike chini kabisa, kisha endelea mpaka ipande kama milimita 2.4. Hapo ncha ya shato iwe katikati ya sindano, kama milimita 1.6 juu ya tundu la sindano, ikipita karibu mno bila kugonga. Nguzo nyingi za Singer zina mistari miwili iliyochorwa kwa ajili hiyo: ule wa juu hulingana na ukingo wa bushi sindano ikiwa chini kabisa, wa chini hulingana wakati ncha inakutana na sindano. Ikiwa ncha inapita juu mno au chini mno ya tundu, legeza skrubu ya nguzo nyuma ya bamba la uso, shusha au pandisha nguzo, kaza, pima tena. Hii ndiyo sehemu inayotaka subira kuliko zote. Nusu milimita ni nyingi hapa.

Meno yakiwa juu kabisa yachomoze karibu milimita moja juu ya bamba. Yakiwa chini zaidi kitambaa hakisogei, yakiwa juu zaidi kitambaa chepesi hukunjamana.

Uzi wa chini kwanza

Funga uzi kwenye kesi ya bobini na uining'inize. Isishuke yenyewe, lakini ukiitikisa kidogo kwa kifundo cha mkono ishuke sentimita chache na kusimama. Ikianguka, kaza skrubu kubwa ya kile kibati cha ubavuni robo ya mzunguko au pungufu. Fanya hivyo juu ya kitambaa cheupe, maana skrubu hiyo ikidondoka sakafuni umeipoteza. Baada ya hapo acha uzi wa chini na urekebishe wa juu tu.

Uzi wa juu upitishe futi ikiwa imeinuliwa, kwani futi ikishuka vile visahani viwili vya kukaza uzi hubanana na uzi hauingii kati yake. Msururu wa vitanzi chini ya kitambaa husababishwa na uzi wa juu kukosa mkazo, ingawa karibu kila mtu hukimbilia kulaumu bobini. Vitanzi vikitokea juu, ama uzi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea. Pitisha kitambaa chenye mafuta ya taa kati ya visahani: kipande kidogo cha uzi kilichonasa humo kinatosha kuvizuia visibanane.

Shona mstari mmoja kwenye karatasi bila uzi, kisha hesabu nafasi kumi kati ya matundu. Zikichukua sentimita 2.5, mshono ni milimita 2.5, kipimo kizuri kwa nguo za kawaida. Nafasi zikiwa hazilingani, rudi kwenye meno na kwenye springi ya futi.

Mkanda na kanyagio

Mkanda wa ngozi wa duara ni wa unene wa milimita 5 hivi. Uzungushe kupitia gurudumu kubwa na la juu, ukate ncha zikutane kwa kuvutwa kidogo, toboa milimita 6 kutoka kila ncha, unga kwa kipini cha waya na ukibane kwa plaisi ncha zake zisikwaruze. Ngozi mpya hurefuka, kwa hiyo baada ya siku chache za kazi utaupunguza sentimita moja au mbili. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huonekana imara lakini hula bushi na kuchosha miguu. Unatakiwa usiteleze tu. Tia mafuta kwenye ekseli ya gurudumu kubwa, kwenye ncha zote za kile kijiti kinachounganisha kanyagio na gurudumu, na pale kanyagio linapobembea.

Ukijaza bobini na sindano haitaki kusimama hata baada ya kulegeza kifundo, kitoe kifundo chote. Ndani kuna washa yenye masikio. Huenda ilirudishwa vibaya; igeuze nusu mzunguko, funga tena, ujaribu.

Kwa anayeshona kutwa, tone moja kwenye kila tundu kabla ya kazi kila siku, na tone moja kwenye njia ya shato baada ya kuondoa utandu. Shona kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yaliyozidi yaishe. Mota ndogo ya umeme inaweza kufungwa baadaye kwa wenye kichwa chenye sehemu ya kuikazia, lakini hakikisha inazungusha gurudumu kuelekea kwa mshonaji, maana ikizungusha kinyume uzi utajisokota kwenye shato mara moja. Na mkanda wa kanyagio uuhifadhi mezani, kwa siku ambayo umeme umekatika na nguo za watu zinadaiwa.